Kungoja Simu ya Ngome

Mtaa mzima ulimwita Bi Pindo. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu. Mafundi wengine walishona gauni vizuri, kisha wakalipua pindo, kwa sababu pindo liko chini na halitazamwi na mtu. Yeye pindo alilishona kama vile ndilo litakalovaliwa usoni.

Chumba chake cha kazi kilitazama barabara. Kulikuwa na meza ya kukatia, pasi, kapu la vipande vya vitambaa, na vyerehani viwili. Kimoja kilikuwa chake. Cha pili kilikuwa cha binti yake, mtoto wake wa pekee. Kwa miaka sita walishona wakipeana migongo, wakibishana kuhusu vifungo na kuwacheka wateja wanaosema wamekonda. Mama akitaka mkasi, kabla hajageuka, binti alikuwa ameshamnyooshea.

Sasa cherehani cha pili kilikuwa kimefunikwa shuka.

Binti aliolewa na dereva wa lori, kijana mwenye maneno matamu na mikono myepesi. Utamu wa maneno waliuona wote. Wepesi wa mikono aliujua mkewe peke yake. Mara ya kwanza binti alisema ameteleza bafuni. Mara ya pili alisema amegonga mlango. Mara ya tatu hakusema kitu. Alikuja kwa mama yake na mfuko mmoja, akakaa siku mbili, akapanda basi kwenda mji wa mbali. Huko alipata kazi katika karakana ya kushona sare za shule. Aliyeujua mji huo ni mama peke yake. Hata kaka yake Bi Pindo, mjomba wa binti, hakuambiwa.

Mama na binti waliandikiana ujumbe kwenye simu kila siku. Umekula? Nimekula. Umelala? Nimelala. Mambo madogo, lakini Bi Pindo hakuweza kushika sindano kabla hajayasoma.

Asubuhi moja mkwe wake alisimama mlangoni, ameshika sabuni na sukari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba," Bi Pindo alijibu. Hakutaka kumfukuza. Alitaka mtu yule aondoke akiamini kwamba mama naye hajui kitu.

"Nimekuja kukujulia hali tu. Mwenzangu hajapiga?"

"Hajapiga."

Mkwe aliweka vitu mezani, akatabasamu. "Basi akipiga, mwambie asisahau sweta. Kule alipo asubuhi kuna baridi."

Akaaga kwa adabu, akaenda zake.

Bi Pindo alikaa bila kusogea, na mguu wake ukaganda juu ya kanyagio. Jana yake tu binti alikuwa ameandika: "Mama, huku asubuhi kuna baridi, nimenunua sweta." Hakuwa amemwambia mtu maneno yale. Basi kuna mtu alikuwa akiyasoma.

Siku ile ile alikwenda kwa kaka yake. Kaka alikuwa mchapishaji wa kadi na mabango, na kwa sababu alishinda mbele ya kompyuta, ndugu wote walimchukulia kuwa mjuzi wa mambo hayo. Yeye mwenyewe hakuwahi kuwakatalia.

"Dada, simu za kawaida zote zinavuja," alisema. "Kila mtu anasikilizwa. Lakini ngoja nikuonyeshe kitu."

Akamwonyesha video. Simu nyeusi ilizunguka polepole kama vile iko angani. Mtu mwenye suti aliipiga kwa nyundo, haikupasuka. Sauti nzito ikasema: "Ngome. Simu isiyosikilizwa. Simu isiyofuatiliwa. Siri yako ni yako."

Bi Pindo aliitazama mara mbili. "Inauzwa duka gani?"

"Haijaanza kuuzwa. Watu wanachangia kwanza, kampuni inapata mtaji, wanatengeneza. Zikitoka, waliochangia wanakuwa wa kwanza kuzipata. Mimi nimeshachangia. Tuko kundi zima."

"Kwa hiyo naichangia simu ambayo haipo?"

"Ipo, dada. Si hiyo unaiona?"

"Kwenye video hata mimi naweza kuwa bibi harusi."

Wakacheka. Lakini kicheko kilipokwisha, lile neno sweta lilikuwa bado limemkaa kifuani. Mwenye hofu hana muda wa kuuliza sana. Wiki ile Bi Pindo alitoa shuka juu ya cherehani cha binti yake, akakifuta vumbi, akakiuza kwa fundi wa mtaa wa nyuma. Fedha yote ikaingia kwenye mchango wa Ngome.

Walisema miezi mitatu.

Mwezi wa tatu ulipofika, kampuni ilituma ujumbe. Kioo kilikuwa na tatizo dogo, wanaomba subira. Mwezi wa tano wakaandika kwamba wamebadilisha kiwanda. Mwezi wa sita hawakutaja kiwanda wala kioo. Waliwaomba wachangiaji wapige kura: jalada liwe jeusi au la kijani?

"Ukiona wanauliza rangi, ujue kazi imefika mwisho," kaka alisema.

Bi Pindo alichagua kijani.

Katika miezi hiyo yote alikuwa na simu yake ile ile. Binti ndiye aliyeingiwa na wasiwasi. Alipiga simu siku moja akasema, "Mama, kama unaona kuna mtu anatusoma, kwa nini tusibadilishe namba? Au umpelekee fundi aiangalie."

"Fundi gani wa mtaani ataweza mambo haya? Vumilia, mwanangu. Ngome iko njiani. Ikifika tutabadilisha vyote mara moja."

"Sawa, mama."

Wakajifunza kuandika kwa tahadhari. Hawakutaja mji. Hawakutaja karakana. Lakini tahadhari huchoka kama mtu. Mwezi wa saba binti aliandika kwamba amepandishwa cheo, sasa anasimamia mashine kumi, na amepewa aproni yenye jina la karakana kifuani. Bi Pindo alifurahi hadi machozi yakamtoka. Alikuwa hajauona uso wa mwanawe zaidi ya nusu mwaka.

"Nitumie picha," aliandika. "Nikuone na hiyo aproni."

Picha ilikuja mchana. Binti amesimama mbele ya lango la bluu, amenenepa kidogo, anacheka, na jina la karakana linasomeka kifuani. Bi Pindo aliibusu simu. Aliiangalia akila, akaiangalia akipiga pasi.

Siku ya tatu, saa ya wafanyakazi kutoka, mkwe alikuwa amesimama kando ya lango lile la bluu.

Wanawake wa karakana ndio waliomwokoa binti. Walimvamia yule mwanamume kwa makelele na fimbo za kupimia vitambaa, mlinzi akamshika, polisi wakamchukua. Lakini maji yalikuwa yameshamwagika. Mkono wa kulia wa binti ulivunjika mahali pawili, na vidole viwili vilikanyagwa.

Bi Pindo alisafiri siku nzima kwenda hospitali. Alimkuta binti yake ameketi kitandani, mkono ndani ya plasta, uso umevimba upande mmoja. Mama alimlisha uji kijiko kwa kijiko, kama zamani.

"Daktari anasema vidole vitapona," binti alisema mwishowe. "Lakini havitakunjika kama mwanzo."

Bi Pindo aliweka bakuli chini. "Nina neno nimekuficha. Cherehani chako nilikiuza. Nilikitoa kwa ajili ya ile simu."

Binti aliutazama mkono wake. "Ulifanya vyema, mama. Ningekishonea kwa mkono upi?"

Hakuyasema kwa ubaya. Ndiyo maana yaliuma.

Aliporudi nyumbani, Bi Pindo aliichukua simu yake akaenda nayo moja kwa moja kwa Fundi Bisibisi. Huyu alikuwa mwanamke mwenye kibanda cha kutengeneza simu karibu na kituo cha mafuta. Walimpa jina hilo kwa sababu bisibisi ndogo haikukosekana nyuma ya sikio lake, kama kalamu ya seremala. Bi Pindo alikuwa akipita mbele ya kibanda kile kila siku kwenda kununua uzi.

"Shikamoo, mama. Imeharibika nini?"

"Haijaharibika. Nataka uivunje."

Fundi Bisibisi alimtazama, akamvutia kiti. "Kuvunja ni kazi ya dakika moja. Kaa kwanza uniambie imekukosea nini."

Bi Pindo akasimulia. Alianza na sweta, akamaliza na lango la bluu. Fundi hakumkatiza. Alipomaliza, fundi aliuliza mambo mawili tu.

"Simu hii uliinunua mwenyewe?"

"Alininunulia mkwe, wakati wa harusi. Alinifungulia kila kitu, mimi nilikuwa sijui."

"Na namba ya siri ya kuifungua?"

"Aliiweka yeye. Mwaka wangu wa kuzaliwa, nisije nikasahau."

Fundi Bisibisi alifungua programu ya ujumbe. Akaingia sehemu moja, kisha nyingine, akaigeuza simu ili Bi Pindo aone. "Soma hapa, mama."

Bi Pindo alisoma polepole. "Vifaa... vilivyounganishwa. Kimoja."

"Hicho kimoja si chako. Ni kompyuta au simu ya mtu mwingine. Kila ujumbe unaoingia kwako unaingia na kwake. Kila picha pia. Hakuwa na haja ya ujuzi wowote. Aliishika simu yako mara moja, akaiunganisha, basi. Na akaunti iliyofungua simu hii ni yake yeye, si yako. Humu ndani wewe ni mpangaji."

Bi Pindo alishika ukingo wa meza. Kikulacho ki nguoni mwako. Alikuwa amelisema neno hilo kwa wateja mara mia, akilifanyia mzaha.

"Kukiondoa ni kazi kubwa?"

"Kubonyeza mara mbili."

"Mara mbili," alirudia Bi Pindo. Akainamisha kichwa juu ya meza ile yenye vioo vilivyopasuka na nyaya, akalia bila sauti. Fundi Bisibisi aliacha kazi, akakaa naye. Mteja aliyefika alipewa ishara arudi baadaye.

Bi Pindo alipoinua uso, alitaka kubonyeza mwenyewe, pale pale. Fundi alimzuia.

"Ngoja. Kwanza tuupige picha ukurasa huu. Huu ni ushahidi, polisi watautaka. La pili, huyo mtu yuko wapi sasa?"

"Yuko ndani. Wanasema ataomba dhamana."

"Basi afadhali. Maana angekuwa nje, ningekuuliza kwanza binti yuko wapi. Mtu wa namna hiyo ukimfungia dirisha, huja kuvunja mlango. Atakapoona haoni tena ujumbe, atajua umegundua. Kwa hiyo mtoto awekwe mahali salama kwanza, halafu ndipo unafunga."

Bi Pindo alifuta macho. "Na ile Ngome? Ikifika, itanisaidia?"

Fundi Bisibisi alivuta pumzi. "Umewahi kukutana na mtu aliyeishika mkononi?"

"Hapana. Hata kaka yangu hajawahi."

"Wanasema inalinda nini, dhidi ya nani?"

"Wanasema haisikilizwi. Wanaipiga nyundo."

"Nyundo inapima kioo, mama, haipimi siri. Mkwe wako hakukupiga nyundo. Simu ya siri wanaikagua wataalamu wa nje, wasiolipwa na kampuni. Wanajaribu kuivunja, kisha wanatangaza walichokuta, kizuri na kibaya. Hao wa Ngome wamewahi kuonyesha ukaguzi kama huo?"

"Walituuliza rangi."

"Unaona. Na kuna jambo watu hawaambiwi. Ukichangia, hujanunua. Umewapa watu fedha wajaribu. Wakishindwa, mara nyingi hakuna wa kukurudishia. Wengine ni wezi. Wengine ni watu wema wanaoota ndoto kubwa kuliko mfuko wao, maana kutengeneza simu ni kazi ngumu, na kuilinda ni ngumu zaidi. Simu inahitaji marekebisho kila mara, kwa miaka, matundu yanapogunduliwa. Kampuni ikifa, nani atayaziba? Kwako wewe uliyechangia, mwizi na mwota ndoto mwisho wao ni mmoja."

"Kwa hiyo nilipoteza cherehani bure."

Fundi aliiweka simu mezani. "Cherehani si hasara kubwa, mama. Hasara kubwa ni miezi saba uliyongoja. Hata kama Ngome ingefika, ungemwomba nani akufungulie? Ungehamisha akaunti ile ile, na namba ya siri ile ile. Mlango wa chuma haufai kitu kama mwizi ana ufunguo."

Kweli ile ilikuwa chungu, lakini Bi Pindo aliimeza. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Safari hii ilikuwa imeumiza mkono wa mtoto.

Mambo yakafanywa kwa mpango. Afisa wa ustawi wa jamii alimtafutia binti makazi mengine, katika mji mwingine, kabla mkwe hajatoka. Fundi Bisibisi alizipiga picha kurasa zote, Bi Pindo akazipeleka polisi yeye mwenyewe, mguu kwa mguu. Kisha wakakitoa kile kifaa kilichounganishwa. Wakaifuta simu yote, wakaianza upya kwa akaunti ya Bi Pindo mwenyewe. Safari hii aliiandika namba ya siri bila mtu yeyote kumwona, hata fundi aligeuka akatazama ukutani. Wakazima kuonyesha mahali alipo. Wakawasha marekebisho yajiingize yenyewe. Simu ya binti nayo ilifanyiwa vivyo hivyo huko aliko, na kupewa namba mpya.

"Kila mwanzo wa mwezi ingia mwenyewe mle kwenye vifaa vilivyounganishwa," fundi alimwambia. "Ukikuta kitu usichokijua, njoo kwangu. Na mtu akikwambia kuna simu moja tu itakayomaliza matatizo yote, mwulize inamaliza lipi, na nani mwingine amethibitisha."

Kaka yake alikuja wiki iliyofuata. Alikaa kwenye kiti cha wateja, kofia mkononi. Kampuni ya Ngome ilikuwa imetuma barua ya mwisho. Fedha zimekwisha, simu haitatoka, wanashukuru kwa imani.

"Mimi ndiye niliyekuingiza, dada."

"Wewe ulinionyesha. Kuingia niliingia kwa miguu yangu. Na picha niliiomba mimi." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Lakini kundi lenu bado lipo?"

"Lipo. Sasa wanazungumzia simu nyingine mpya. Wanachangishana tena."

"Basi nenda ukawaambie yaliyonipata. Usitaje jina la mtoto. Waambie waulize kwanza, na waangalie simu walizo nazo leo."

Kaka alikwenda akawaambia. Wengine walikasirika, wakamtoa kundini. Wengine wanne walifungua simu zao usiku ule, na mmoja, mwanamke muuza maua, akakuta kifaa asichokijua.

Mkwe alitoka kwa dhamana. Haikupita siku akaja kwa Bi Pindo, bila sabuni, bila sukari. Polisi walikuwa wamemkataza kukaribia, kwa hiyo alisimama ng'ambo ya barabara, akapaza sauti.

"Mama, namjua alipo. Bado yuko kule karakana. Nitamfuata."

Bi Pindo hakuinua kichwa. Moyoni kitu kilitua. Mkwe alikuwa akitaja karakana ya mji wa zamani. Hakujua jingine. Kwa mara ya kwanza tangu harusi, mtu yule alikuwa kipofu. Bi Pindo aliinua simu akampigia askari anayeshughulikia kesi, akaeleza yote yaliyosemwa. Kabla ya saa kupita, walikuwa wameshamchukua tena. Kesi iliposikilizwa, picha za Fundi Bisibisi zilionyeshwa mbele ya hakimu, na mkwe akafungwa.

Binti sasa anafundisha wasichana kukata vitambaa. Kushona bado hawezi, labda hataweza tena kama zamani. Anaonyesha kwa mkono wa kushoto, wenzake wanashona. Anasema amezoea. Mama anajua kwamba hajazoea.

Hupigiana simu jioni, Bi Pindo akishafunga dirisha la mbele. Walikubaliana na yule afisa kwamba mpaka mambo yatulie kabisa, maana kifungo nacho kina mwisho, mama asijue mji. Kile ambacho mtu hajui, hawezi kukitoa kwa bahati mbaya. Bi Pindo alikubali mwenyewe. Hakuna kazi ngumu aliyowahi kuifanya kuliko hiyo.

Jioni moja binti alikuwa na sauti nyepesi kuliko siku zote.

"Mama, leo nimefungua dirisha nikakukumbuka sana. Laiti ungeona. Hapa nilipo pana..."

"Usiniambie," Bi Pindo alisema.

Kila mmoja alisikia pumzi ya mwenzake.

"Usiniambie, mwanangu," alirudia polepole. "Niambie umekula nini."